Barua ya wazi kwa Hazina ya Kitaifa: Tuonyesheni masurufu yanavyotumika

Kwa Waziri wa Fedha, Katibu wa Hazina ya Kitaifa, Mdhibiti wa Bajeti, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na wenyeviti wa kamati za uhasibu za Bunge la Taifa na Seneti.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu matumizi madogo ya serikali, yale yasiyotangaziwa zabuni wala kukatiwa utepe. Mafuta ya gari. Chakula cha mkutano. Chumba cha hoteli, wino wa printa, matairi, hema na viti vya kukodi, maji ya chupa, vocha za simu. Kwetu Kenya pesa hizi hutoka zaidi kwa njia ya masurufu, yaani pesa anazopewa afisa mapema kwa kazi kisha azitolee hesabu, nyingine hutoka katika kasha la fedha taslimu la ofisi, na nyingine hupitia kadi za mafuta. Uingereza, Marekani, Brazil na kwingineko hutumika pia kadi ya benki ambayo afisa hupewa na idara yake ili anunue kinachohitajika bila kupitia mlolongo mrefu wa hati. Vyombo vinatofautiana, maswali ni yale yale: nani alinunua, alinunua nini, kwa nani, kwa bei gani, na kwa kazi ipi?

Ombi langu ni moja. Kila mwezi, kila wizara, idara, shirika la serikali na kaunti ichapishe malipo yake yote ya aina hii, mstari kwa mstari, mahali ambapo Mkenya yeyote anaweza kuyasoma kwa simu yake bila kumwomba mtu ruhusa.

Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti huwa nazisoma kila robo mwaka, na namshukuru kwa kazi hiyo. Zinatueleza jumla: safari za ndani kiasi hiki, safari za nje kiasi kile, ukarimu, mafunzo, mafuta. Bila ripoti hizo tungekuwa gizani. Lakini jumla haihojiki na mtu wa kawaida. Mkazi wa Malindi akisoma kwamba wizara fulani imetumia mamilioni kadhaa kwa mikutano, hana la kufanya ila kukasirika, na hasira hiyo haimsaidii yeye wala wizara. Mwambieni badala yake kwamba idara fulani ililipia warsha ya watu 60 kwa siku tatu katika hoteli iliyo mtaani kwake, tarehe fulani, kwa bei fulani kwa kila mtu. Hapo ana la kusema. Anajua ukumbi wa hoteli hiyo haujai zaidi ya watu 40. Anajua wiki hiyo hoteli ilikuwa imefungwa kwa ukarabati, kwa kuwa binamu yake ndiye aliyekuwa akipaka rangi. Mkaguzi kutoka Nairobi hawezi kuyajua hayo hata akae na majalada mwezi mzima.

Mnakumbuka wilbaro za Bungoma. Mwaka 2015 nchi nzima iligutuka kusikia kwamba serikali ya kaunti hiyo ilinunua wilbaro kumi kwa zaidi ya shilingi 109,000 kila moja. Tulikuwa tumeshasikia kashfa kubwa kuliko hiyo mara nyingi, za mabilioni, na zilitupita masikioni. Kwa nini hii ya wilbaro iligusa kila mtu kuanzia Busia hadi Lamu? Kwa sababu kila mtu anajua bei ya wilbaro. Fundi wa ujenzi anaijua, mkulima anaijua, mtoto aliyetumwa dukani anaweza kuiuliza. Mstari mmoja wenye jina la kitu na bei yake uliwapa Wakenya uwezo wa kukagua serikali ambao hawajapewa na kurasa mia za jumla kuu. Nawaomba mstari huo uwe jambo la kawaida la kila mwezi, usisubiri kuibuliwa kwa bahati.

Nimefanya kazi katika chumba cha hesabu cha serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nataka niwaeleze wasomaji wengine wa barua hii jinsi masurufu yanavyofanya kazi, maana nyinyi mnajua. Afisa anayesafiri kikazi huomba pesa mapema. Mwenye mamlaka ya matumizi huidhinisha, akiwa amehakikisha kwanza kwamba mwombaji hana masurufu mengine aliyoyachukua na hajayatolea hesabu. Afisa husafiri, hutumia, hukusanya risiti, na akirudi kituoni ana siku saba za kazi kuyatolea hesabu masurufu yake. Asipofanya hivyo, kiasi chote kikatwe kwenye mshahara wake pamoja na riba. Yote hayo yameandikwa katika Kanuni za Usimamizi wa Fedha za Umma za 2015, na ni kanuni nzuri. Sina neno moja la kuongeza.

Shida ni kwamba ukaguzi wote huo ni wa karatasi kwa karatasi. Karani hutazama kama sahihi zipo, kama jumla zinalingana, kama vocha imegongwa muhuri, kama orodha ya waliohudhuria imeambatishwa. Karatasi zikitimia, hana sababu ya kukataa. Hajaiona hoteli. Hajawaona wahudhuriaji. Na kitabu cha risiti tupu kinauzwa katika duka lolote la vifaa vya ofisi, muhuri wa mpira unachongwa mtaani kabla chai haijapoa. Ndiyo maana karani mzoefu huanza kuziona alama ambazo kanuni haziulizi: nukuu tatu za bei kutoka maduka matatu, zote kwa mwandiko wa mkono mmoja, gari la serikali, lenye namba za GK, lililo juu ya mawe gereji likionekana limejazwa mafuta mara mbili wiki hiyo, na tikiti yake ya kazi, yaani hati ya kuandikia safari zake, imejazwa vizuri kabisa, orodha ya wahudhuriaji yenye jina la mtu aliye likizo ya uzazi, ununuzi mmoja uliokatwa vipande vinne ili kila kipande kikae chini ya kiwango kinachohitaji ushindani. Na kila Juni, wiki ya mwisho kabla mwaka wa fedha haujafungwa tarehe 30, warsha huota kama uyoga na kila idara inakumbuka kwamba haina toner.

Makarani wengi huyaona hayo. Wachache huyasema, kwa kuwa anayeuliza sana huhamishwa. Mkaguzi Mkuu naye huyaona, na ripoti zake za kila mwaka zimejaa masurufu ambayo hayajatolewa hesabu, na maafisa waliopewa mapya kabla ya kumaliza ya zamani. Katiba inampa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa kukamilisha ukaguzi, kisha Bunge lina miezi mitatu ya kuijadili ripoti. Hesabuni: chakula kilicholiwa Julai kinaweza kujadiliwa bungeni zaidi ya mwaka mmoja na nusu baadaye, na hapo ni pale kila mtu akifuata ratiba. Afisa ameshahama wizara, hoteli imeshabadilisha mmiliki, katibu aliyeidhinisha amestaafu. Orodha ya kila mwezi ingeuliza swali risiti ikiwa bado na harufu ya wino.

Nataka pia kuwatetea watumishi wa umma, maana barua kama hii inaweza kusomwa kana kwamba wote ni wezi. Sivyo hata kidogo. Nimewajua maafisa wa kliniki waliotia mafuta gari la chanjo kwa pesa zao mvua ilipokata barabara, wakangoja miezi kurudishiwa. Nimewajua maafisa wa kilimo waliolala nyumbani kwa wakulima ili masurufu yawatoshe siku mbili zaidi za kuzunguka vijijini. Watu hawa huumizwa mara mbili. Kwanza, pesa zao huchelewa kwa kuwa kasha limemalizwa na wengine. Pili, mtaani wanatazamwa kwa jicho lile lile wanalotazamwa walioiba. Orodha ya wazi ndiyo itakayowatenga na wezi, kwa kuwa matumizi yao yatasomeka na kueleweka.

Sasa niingie kwenye jambo linalonikera kuliko yote, na nitalisema kwa heshima lakini bila kulainisha. Serikali yetu imekuwa hodari sana kufuatilia shilingi ya mwananchi. Huduma zimekusanywa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na malipo yake yakaelekezwa kwenye nambari moja, 222222, ili kila ada ionekane inapoingia. Mamlaka ya Mapato imeleta eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, na tangu Januari 2024, kwa jumla, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki haikubaliki mfanyabiashara anapokokotoa kodi yake. Mwenye duka la vipuri kule Mariakani analazimika kuonyesha alinunua nini, kwa nani, lini, kwa bei gani. Tumeambiwa huo ndio ustaarabu wa mlipa kodi, nami nakubali. Basi ustaarabu huo huo umhusu pia anayeitumia kodi. Kama duka la vipuri linaweza kuonyesha kila nati iliyonunuliwa, wizara yenye idara nzima ya uhasibu na idara nzima ya teknolojia inaweza.

Na tazameni jinsi kazi ilivyo nusu tayari. Hoteli inayoilaza serikali, kituo kinachoijazia mafuta, duka linaloiuzia karatasi, vyote vinatakiwa kutoa ankara za eTIMS. Kwa maneno mengine, Mamlaka ya Mapato tayari inazo taarifa za sehemu kubwa ya manunuzi haya, ankara moja moja, kutoka upande wa muuzaji. IFMIS, mfumo wa kompyuta ambao serikali husimamia fedha zake, inazo kutoka upande wa mlipaji. Mfumo mpya wa ununuzi wa kielektroniki, ambao Hazina iliagiza utumike kuanzia Julai 2025 na ambao umepitia mikononi mwa mahakama, ungepaswa kuzikutanisha pande hizo mbili. Risiti ya kitabu kilichonunuliwa dukani haiwezi kuwa na ankara inayolingana nayo upande wa pili. Kompyuta ingeikamata usiku huo huo.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya nchi tajiri. Wenzetu walioanza kabla yetu walianza kwa shida zile zile.

Uingereza ilileta kadi za ununuzi za serikali mwaka 1997, kwa sababu ya maana: kutengeneza hati ya ununuzi na ankara kwa kitu cha bei ndogo kulikuwa kunagharimu muda mwingi kuliko kitu chenyewe. Kuanzia 2011 wizara zao zikatakiwa kuchapisha kila mwezi malipo ya kadi yanayozidi pauni 500. Kwa miaka kadhaa orodha hizo zilikaa tu, chache zikisomwa. Kisha Februari 2023 chama cha Labour, kilichokuwa upinzani wakati huo, kikazikusanya, kikaongeza majibu ya maswali kiliyouliza bungeni kwa wingi, na kuonyesha kwamba wizara 14 zilitumia angalau pauni milioni 145.5 kwa kadi hizo katika mwaka wa 2021. Ndani yake watu walisoma mambo ambayo jumla kuu isingewaonyesha kamwe, kwa mfano kwamba Hazina ya Uingereza ilinunua picha 13 za sanaa kutoka jumba la sanaa la Tate kwa pauni 3,393.

Chama hicho hicho kilipoingia madarakani, kilikuta tatizo bado lipo nyumbani kwake. Machi 2025 serikali ilitangaza kwamba matumizi ya kadi yamepanda mara nne katika miaka minne na kupita pauni milioni 600 kwa mwaka, ikasimamisha karibu kadi zote kati ya 20,000 hivi, ikamtaka kila mwenye kadi aeleze upya kwa nini anaihitaji, na ikashusha kiwango cha ukarimu ambacho afisa anaweza kulipa bila idhini ya mkubwa wake kutoka pauni 2,500 hadi 500. Nalitaja hili kwa ajili ya wanasiasa wa pande zote mbili wanaosoma barua hii. Orodha ya wazi haina chama. Leo itamchoma aliye serikalini, kesho itamchoma aliyekuwa akiishangilia jana, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Brazil ni nchi yenye historia ya ufisadi inayofanana na yetu kwa mengi, nayo ilifungua tovuti yake ya uwazi mwaka 2004. Wananchi na waandishi wa habari waliitumia kuchungulia kadi za mawaziri. Februari 2008 Matilde Ribeiro, waziri aliyesimamia sera za usawa wa kimbari, alijiuzulu baada ya matumizi yake ya kadi kuanikwa, na waziri wa michezo naye akalazimika kueleza kwa nini alilipia kitafunwa cha tapioka cha reali 8.30 kwa kadi ya serikali. Reali nane. Kuna waliocheka wakati huo, wakisema wanahabari wanahangaika na vijisenti. Mimi naona kinyume. Nchi ambayo waziri wake anaulizwa kuhusu kitafunwa ni nchi ambayo afisa wa chini yake atafikiri mara mbili kabla ya kukodi gari la wiki nzima kwa safari ya siku moja.

Uswidi ndiyo yenye mizizi mirefu zaidi. Sheria yao ya 1766 ilimpa raia haki ya kusoma hati za serikali, na haki hiyo leo inafika hadi kwenye risiti. Mwaka 1995 Mona Sahlin, Naibu Waziri Mkuu aliyetarajiwa kuwa Waziri Mkuu, aliondoka kwenye kinyang'anyiro baada ya kubainika kwamba alitumia kadi ya kazi kununulia vitu vyake binafsi, chokoleti ikiwemo. Alisema alinuia kuzirudisha pesa, na mwendesha mashtaka hakumfungulia kesi. Hakufukuzwa katika maisha ya umma milele: miaka kadhaa baadaye aliongoza chama chake. Nampenda mfano huu kwa sababu unaonyesha uwajibikaji usiohitaji pingu. Risiti zilisomwa, swali likaulizwa hadharani, jibu halikutosha, mtu akakaa kando.

Pia kuna njia ya kukosea, na naiogopa kwa sababu ndiyo rahisi kutangaza. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilishusha kikomo cha kadi nyingi za watumishi wake hadi dola moja. Watafiti wakashindwa kununua vifaa vya maabara, na maafisa wa nyanjani wakashindwa kulipia mahitaji ya kawaida. Huko ni kukata kabla ya kusoma. Afrika Kusini nayo ilifuta kadi za mikopo za serikali kuanzia Desemba 2013 kama hatua ya kubana matumizi. Sisi tumezoea waraka wa namna hiyo: safari zimesimamishwa, warsha zimepigwa marufuku, bajeti ya viburudisho imekatwa nusu. Waraka husomwa kwenye taarifa ya habari ya saa moja, na baada ya miezi michache maisha yanarudi kama zamani, ila gari la chanjo ndilo linalokuwa limekosa mafuta. Sitaki mkate masurufu. Nataka tuyaone.

Kwa kweli, kama Hazina itaamua siku moja kuhama kutoka masurufu ya fedha taslimu kwenda kadi au malipo ya simu yaliyosajiliwa kwa idara, nitaunga mkono. Pesa taslimu haikumbuki ilikopita. Malipo ya kadi au ya simu huacha jina la muuzaji, saa na kiasi bila karani kuandika chochote. Lakini kadi bila orodha ya wazi itakuwa mbaya kuliko masurufu, kwa kuwa itakuwa rahisi kutumia na ngumu kwa umma kuiona. Uwazi uanze siku ile ile kadi ya kwanza itakapotolewa, usije ukaahidiwa kama awamu ya pili.

Orodha yenyewe iwe na nini? Tarehe ya malipo, idara na kitengo, cheo cha aliyenunua, jina la muuzaji, kitu chenyewe kwa maneno yanayoeleweka, idadi, bei ya kimoja, jumla, namba ya ankara ya eTIMS, na sababu. Nasisitiza sababu. Orodha za Waingereza mara nyingi hazikuieleza vya kutosha, na matokeo yake ni kwamba ununuzi halali ulionekana wa aibu na ununuzi wa aibu ukajificha nyuma ya maneno ya jumla. Afisa aliyenunua jozi 30 za mabuti anatakiwa apate nafasi ya kuandika kwamba ni za wahudumu wa afya wakati wa mafuriko. Ni haki yake. Kwa masurufu ya safari kuwe pia na tarehe ya kutoa hesabu, na kama siku saba zimepita bila hesabu, mstari huo uendelee kuonekana kila mwezi mpaka pesa zirudi. Na orodha itolewe kama jedwali linaloweza kupangwa na kutafutwa, isiwe picha ya karatasi iliyopigwa kwa skana ikiwa imepinda.

Najua mtaniuliza kuhusu usalama wa taifa. Shughuli za kijasusi na operesheni za polisi zina sababu ya kufichwa, na nakubali zitengewe utaratibu wake chini ya Mkaguzi Mkuu. Lakini tarehe 5 Julai 2024 Rais William Ruto mwenyewe alitangaza kwamba bajeti za siri katika ofisi mbalimbali za serikali kuu, yake ikiwemo, zitaondolewa. Kwa tangazo hilo, sioni ni wizara gani ya maji, ya utalii au ya michezo inayoweza kusema chai yake ni siri ya dola. Kuhusu faragha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda mgonjwa, shahidi, mtoto. Haikutungwa kulinda bili ya hoteli ya afisa aliye kazini.

Wengine watasema wananchi hawataelewa, watapotosha. Vijana wa nchi hii waliusoma Mswada wa Fedha wa 2024 kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama zao, wakawaeleza wazazi wao vibandani, na baadhi yao walilipa kwa maisha yao kwa kudai kusikilizwa. Tarehe 26 Juni 2024 Rais alitangaza hatatia sahihi mswada huo. Watu wanaoweza kusoma mswada wa kodi wanaweza kusoma orodha ya matairi. Itakuwapo mipotosho, ndiyo. Jibu lake ni safu ile ya sababu, na afisa wa mawasiliano anayejibu swali siku hiyo hiyo.

Sheria mnazo tayari. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kifungu cha 201 kinataka uwazi na uwajibikaji katika fedha za umma. Kifungu cha 226(5), ambacho ningependa kibandikwe juu ya meza ya kila mwenye mamlaka ya matumizi, kinasema mwenye ofisi ya umma anayeagiza au kuidhinisha matumizi kinyume cha sheria atawajibika kwa hasara na kuilipa, awe bado ofisini au ameondoka. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inazitaka taasisi zichapishe habari bila kusubiri kuombwa, zikiwemo za mikataba. Na Juni 2018 amri ya Rais iliziagiza taasisi zote za umma kuchapisha zabuni zao zote kuanzia Julai mwaka huo. Zabuni zina tovuti, hata kama haijazwi kikamilifu. Kinachobaki nje ni hiki ninachokiandikia: manunuzi yaliyo chini ya kiwango cha zabuni, ambayo kwa sababu ya udogo wake kila mmoja hudhani mwingine anayatazama.

Naiomba Hazina ianze na hesabu zake yenyewe. Haiwezi kuzidai kaunti 47 kile isichokifanya katika jengo lake la Harambee Avenue. Mwaka mpya wa fedha ukianza Julai, orodha ya kwanza itoke kabla Agosti haijaisha, ikiwa na masurufu yote yaliyotolewa mwezi huo na yale ya zamani ambayo hayajatolewa hesabu. Wizara nyingine zifuate robo ya pili. Kwa magavana, ningependa Mdhibiti wa Bajeti aieleze katika kila ripoti yake kaunti ipi imechapisha na ipi haijachapisha, kwa jina. Kamati za Bunge na Seneti nazo zianze na ofisi za Bunge lenyewe, maana wabunge na maseneta wanasafiri pia.

Wiki hii natuma maombi mawili rasmi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari: moja kwa Hazina ya Kitaifa, jingine kwa serikali ya kaunti yangu. Naomba daftari la masurufu la robo mwaka iliyopita, likiwa na safu nilizozitaja. Sheria inatoa siku 21 za kujibu. Nikinyimwa au nikinyamaziwa, nitapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, na majibu yoyote nitakayopata, mazuri au mabaya, nitayachapisha yote kama yalivyo.

Wenu katika utumishi wa umma,

Karani mstaafu wa hesabu,
Kaunti ya Kilifi